Jina la Mmea Tunalo, Kipimo Chake Kiko Wapi?

Hotuba iliyotolewa mbele ya akina mama wakulima, wanafunzi wa uuguzi na wazee wa mtaa, katika ukumbi wa parokia, Kadutu, mjini Bukavu, tarehe 31 Agosti

Waheshimiwa wazee wetu, akina mama na akina baba, na ninyi wanafunzi mnaojiandaa kuhudumia wagonjwa,

Nawashukuru kwa kuacha shamba, soko na masomo ili tukae pamoja asubuhi hii. Tangu mwaka 2003 tarehe ya leo huadhimishwa barani kwetu kuwa Siku ya Tiba Asilia ya Afrika, na ndiyo maana nimeombwa niseme juu ya mimea ya chakula tunayoipanda nyuma ya nyumba zetu na ambayo pia tunaikimbilia mtu akiugua. Nimekuwa muuguzi kwa miaka 26. Kabla ya hapo nililelewa Kabare na koko yangu, mama mzaa mama, ambaye bustani yake ilianza pale migomba ilipoishia.

Sikuja na orodha ya majani na magonjwa. Orodha za namna hiyo zimejaa katika simu zetu, na kila siku mtu hututumia nyingine. Nimekuja na jambo moja linaloniuma, nalo ni kwamba majina ya mimea tumeyarithi, lakini vipimo vyake tunavipoteza. Koko alijua mmea upi, na pamoja na hilo alijua ni sehemu gani ya mmea inayochumwa, ikiwa changa au imekomaa, ikiwa mbichi au imechemshwa, kiasi gani, kwa mtu wa namna gani, kwa siku ngapi, na ni dalili ipi ikionekana mgonjwa abebwe haraka hadi dispansari. Kwa mubirizi, ule mti wetu wa majani machungu, sisi tumebaki na sentensi moja fupi: mubirizi unatibu malaria. Sentensi hiyo ikisimama peke yake inaweza kumwua mtoto, na nitawaeleza jinsi nilivyoliona hilo kwa macho yangu.

Mji wetu una sababu ya kulielewa jambo hili kuliko miji mingi. Katika Kiswahili chetu cha Kivu, kidonge chochote, hata kile cha kutuliza kichwa, tunakiita kinini. Neno hilo ni kwinini yenyewe, dawa inayotolewa katika gome la mti wa kinkina, na wazee waliopo hapa wanakumbuka mashamba ya kinkina kwenye milima yetu na magunia ya magome yakishushwa kuelekea kiwanda cha Pharmakina. Asili ya mti huo ni milima ya Andes, Amerika ya Kusini, ambako gome lake lilitumika kutibu homa miaka mingi kabla ya mtu yeyote kujua ni kitu gani ndani yake kinachofanya kazi. Mwaka 1820 Wafaransa wawili, Pelletier na Caventou, walifaulu kuitenga kwinini na gome lake, na kuanzia hapo ikawezekana kuipima kwenye mizani. Faida yake ilikuwa kubwa, kwa sababu gome la mti mmoja huwa na kwinini nyingi na la mti wa jirani huwa na kidogo, na anayekunywa maji ya gome hawezi kujua amepata ipi. Wauguzi wenzangu wanajua kinachotokea kwinini ikizidi: masikio huvuma, macho hufifia, na mapigo ya moyo huvurugika. Ikipungua, homa hurudi.

Sasa tuuangalie mubirizi, maana ndio mmea ulio karibu na moyo wangu, na karibu kila ua wa Kabare na Walungu unao. Wataalamu wa mimea wanauita Vernonia amygdalina. Nchini Nigeria na Kameruni majani yake ni mboga ya heshima kabisa. Huyafikicha na kuyaosha mara nyingi mpaka uchungu upungue, kisha huyapika pamoja na karanga au samaki. Huku kwetu tumeuweka zaidi upande wa dawa, kwa homa na kwa minyoo ya tumbo.

Kuna kisa kimoja juu ya mmea huu ambacho napenda kila mwanafunzi akijue. Ng'ambo ya ziwa Tanganyika, upande wa Tanzania, kuna milima ya Mahale inayokaliwa na sokwe. Mwaka 1987 mtafiti Michael Huffman alikuwa huko pamoja na Mohamedi Seifu Kalunde, mzee wa Kitongwe aliyeijua misitu hiyo na dawa zake. Walimwona sokwe jike aliyeitwa Chausiku, mnyonge, amelala wakati wenzake wanakula. Chausiku akausogelea mmea huohuo, ambao Watongwe wanauita mjonso, akavunja machipukizi, akamenya gome, akayaacha majani, akatafuna moyo wa shina na kunyonya maji yake, kisha akatema makapi. Mzee Kalunde alimweleza mgeni wake kwamba kwa Watongwe hiyo ni dawa kali ya tumbo na homa. Kesho yake Chausiku alikuwa anatembea na kula kama kawaida. Uchunguzi uliofuata ulionyesha kwamba minyoo ya matumbo ya sokwe hupungua baada ya kutafuna mmea huo, na kwamba majani na gome vina viambato vyenye sumu zaidi kuliko ule moyo wa shina. Tazameni basi: hata mnyama wa msituni hakuuvamia mti mzima. Alichagua sehemu.

Koko yangu naye alichagua. Kwa mtu mzima mwenye homa alichuma ncha tatu za majani machanga, akazifikicha katika gobeleti moja, yaani kikombe kimoja, cha maji baridi, akachuja kwa kitambaa, akampa mgonjwa asubuhi na jioni. Mwanamke mwenye mimba hakumpa kamwe. Mtoto mdogo alimwogesha kwa maji hayo na kumlambisha kidogo tu kwa ncha ya kidole. Na siku ya pili joto lisiposhuka, alimfunga mgonjwa mgongoni kwa kitenge na kuteremka naye mlima. Hakuona aibu kufanya hivyo, wala hakusema kwamba dawa yake imeshindwa. Safari ile ya dispansari ilikuwa sehemu ya dawa yake.

Miaka kadhaa iliyopita, usiku wa mvua, mama mmoja kijana aliniletea mtoto wa miaka mitatu. Alikuwa amempa maji ya mubirizi uliochemshwa kwa siku tano, gobeleti nzima mara tatu kwa siku, kwa sababu jirani alimwambia kwamba mubirizi unatibu malaria. Viganja vya mtoto vilikuwa vyeupe kama karatasi, pumzi ikienda mbio, na alikuwa ameanza kupata degedege. Kipimo kilionyesha malaria. Alihitaji damu usiku uleule, na kituo chetu hakikuwa na damu. Mtoto yule hakufika asubuhi. Mama yake hakuwa mzembe, ndugu zangu. Alimpenda mtoto wake, na alifanya alichoambiwa kwa uaminifu wote. Aliyemwambia alirithi jina la mmea bila ile siku ya pili ya koko yangu, na mimi tangu usiku ule sijaweza kulisikia jina la mubirizi likitajwa peke yake bila kuuliza: kiasi gani, na mpaka lini?

Hapa kuna swali ambalo najua mtaniuliza, la artemisia, maana watu wengi mjini wanaipanda na kuinywa kama chai. Dawa ya artemisinini iliyomo katika vidonge vya malaria tunavyovitoa leo ilitoka kwenye mmea huo, Artemisia annua. Mwanasayansi wa China, mama Tu Youyou, aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015, alikuwa ameujaribu mmea huo pamoja na wenzake na kupata matokeo yasiyotulia. Akarudi kwenye maandishi ya mganga Ge Hong wa karne ya 4, na humo akakuta maelekezo ya kushika majani kiganja kimoja, kuyaloweka katika maji na kuyakamua. Hakuna palipotajwa kuchemsha. Tu Youyou akaelewa kwamba huenda joto ndilo lililokuwa likiiharibu dawa, akaitoa kwa njia isiyo ya joto kali, na mwaka 1971 akafaulu. Nasimulia hili kwa sababu mganga yule wa kale aliandika kipimo. Angeandika tu kwamba mmea huu unatibu homa, huenda tungekuwa bado tunatafuta. Kuhusu kunywa majani yenyewe, Shirika la Afya Duniani lilisema wazi mwaka 2019 kwamba haliungi mkono matumizi hayo kwa malaria, kwa kuwa kiasi cha dawa katika majani hubadilika sana, na dozi ndogo isiyotosha inaweza kuwafundisha vimelea kuistahimili dawa tuliyo nayo. Mimi nafuata hilo, na nawasihi mlifuate. Homa ikimshika mtoto, apimwe siku hiyohiyo.

Nije kwenye lengalenga, ambayo wengine wanaiita mchicha. Wagonjwa wangu wengi husema kwamba inaongeza damu, na hasa ile nyekundu, ambayo maji yake huonekana kama damu kweli. Wapo wanaoyachuja maji hayo na kuwanywesha wajawazito. Rangi ile haina uhusiano wowote na damu. Ni rangi ya mmea tu, kama ilivyo rangi ya betravi, ile mboga ya mzizi mwekundu. Hata hivyo koko hakukosea alipoisifu lengalenga, kwa sababu majani yake yana madini ya chuma, vitamini A na vitamini C. Shida ni kwamba chuma cha mboga huingia mwilini kwa taabu, tofauti na kile cha nyama na samaki. Kipimo chake, basi, kiko jikoni. Ichemsheni kwa muda mfupi, umwage maji ya kwanza, maana yamebeba sehemu ya asidi inayokizuia chuma. Kamulieni limau wakati wa kula. Changanyeni na sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa letu, hata kiganja kimoja, kwa kuwa samaki husaidia chuma cha mboga kufyonzwa. Na chai isinyweshwe pamoja na chakula hicho. Subirini kama saa moja hivi, kwa sababu chai hukifunga chuma tumboni. Sahani ya lengalenga, sambaza na limau, ikiliwa mara nyingi kwa wiki, miezi yote ya mimba, pamoja na vidonge vya chuma vinavyotolewa kliniki, ni dawa ninayoweza kuitetea mbele ya daktari yeyote. Lakini mtoto mwenye viganja vyeupe na pumzi za haraka hawezi kungoja mboga.

Na sombe, yaani majani ya muhogo? Tunaila kila wiki bila kuifikiria kuwa dawa wala sumu, na hiyo ni heshima kubwa kwa mama zetu, kwa maana muhogo una sianidi ndani yake, na hasa ule mchungu. Kutwanga majani katika kinu na kuyapika kwa muda mrefu, kuloweka mizizi siku tatu kabla ya kuianika, hayo yote ni vipimo vilivyogunduliwa na wanawake ambao hawakuacha majina yao. Mwaka 1938 daktari Trolli alieleza ugonjwa uliokuwa ukiwapooza watu miguu ghafla huko Kwango, kusini-magharibi mwa nchi yetu, nao wenyeji wa Yaka waliuita konzo, yaani miguu iliyofungwa. Ugonjwa huo hauponi. Baadaye, huko Bandundu, watafiti walikuta kwamba barabara nzuri ilipofika na muhogo ukawa unahitajika haraka Kinshasa, baadhi ya familia zilipunguza kuloweka kutoka usiku tatu hadi mmoja ili kuuza upesi, na sianidi ikabaki katika unga. Nimelitafakari sana jambo hili. Hakuna aliyewaletea watu wale mmea mgeni wala sumu mpya. Chakula kilikuwa kilekile cha babu zao. Walipunguza siku mbili tu.

Kuhusu mimea mingine nitapita haraka. Tangawizi husaidia kweli kichefuchefu, hata kile cha miezi ya kwanza ya mimba, na kipande kidogo kilichopondwa katika maji ya moto kinatosha. Kitunguu saumu kikishapondwa kiacheni kama dakika 10 kabla ya kukitia kwenye moto, kwa kuwa kile kiambato chenye nguvu huzaliwa punje inapopasuka, na joto la haraka hukizuia kisizaliwe. Lakini msikimeze kwa wingi kama dawa pasipo kumwambia anayewatibu. Mwaka 2002 watafiti wa Marekani walichapisha kwamba vidonge vya kitunguu saumu vilipunguza kwa nusu hivi kiasi cha saquinavir katika damu, na hiyo ilikuwa dawa ya watu wanaoishi na virusi vya ukimwi. Kitunguu saumu huweza pia kuzidisha kutoka damu kwa mtu anayetumia dawa za kuizuia isigande, na kwa anayengoja operesheni. Kwenye mchuzi wa kila siku hakina neno.

Mbegu za papai kwa minyoo zinanipa matumaini zaidi. Huko Nigeria, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2007, watoto 30 walipewa mbegu zilizokaushwa, zikasagwa na kuchanganywa na asali, na wengine 30 wakapewa asali peke yake. Katika kundi la kwanza 23 walionekana hawana tena vimelea. Katika la pili, 5 tu. Ni utafiti mdogo, na mtu asiutumie kuacha dawa ya minyoo inayotolewa shuleni, lakini unaonyesha kwamba neno la mzee likipimwa vizuri linaweza kusimama. Wajawazito wasiguse mbegu hizo, wala utomvu wa papai bichi. Ngai-ngai nayo, ambayo wengine wanaiita rosela: maua yake mekundu, yale wanayotengenezea kinywaji, yalijaribiwa Marekani kwa watu 65 wenye tansiyo, yaani shinikizo la damu, iliyopanda kidogo, vikombe vitatu kwa siku kwa wiki sita, na kipimo cha juu cha tansiyo kikashuka kwa wastani wa pointi 7, huku waliokunywa kinywaji cha kufananisha, kisicho na ngai-ngai, wakishuka kwa pointi 1 tu. Angalieni kwamba nimesema iliyopanda kidogo. Mama mwenye tansiyo ya 190 akiacha vidonge vyake kwa ajili ya ngai-ngai, anajitafutia kiharusi.

Lipo jambo moja ambalo sitalipita haraka, hata kama haliko raha kulisema hadharani, nalo ni lavema. Tunachukua majani mazuri ya bustani, tunayaponda, na tunayapitisha kwa njia ya haja kubwa kwa mtoto mchanga anayeharisha, mara nyingine na pilipili au tangawizi ndani yake. Nimewauliza wazee wengi wa Kabare, na walio wengi wameniambia kwamba zamani lavema ilikuwa ya mtu mzima aliyefunga choo. Imekuwaje ikawa ya mtoto anayeharisha? Mtoto huyo anapoteza maji na chumvi. Lavema inamwongezea hasara na kumwunguza utumbo. Anachohitaji ni maji safi lita moja, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vijiko vya kusawazishwa visijae kilima, apewe kidogo kidogo siku nzima, aendelee kunyonya, na apelekwe kituoni kwa vidonge vya zinki. Majani ya mpera, ambayo wazee wetu wanayachemshia mtu mzima anayeharisha, nayaheshimu, kwa kuwa hata maabara yameyapa haki kwa kiasi. Kwa mtoto mchanga, hapana.

Nawaomba nini basi? Kule Lwiro, katika kituo cha utafiti kilichoanzishwa mwaka 1947 kwa jina la IRSAC, kuna makabati yenye mimea ya nchi yetu iliyokaushwa na kuandikiwa majina. Ni hazina, na wanafunzi wanapaswa kwenda kuiona. Lakini hakuna kabati linalotunza alivyojua koko kuhusu ncha tatu na gobeleti moja. Elimu hiyo iko katika vichwa vya watu waliozeeka, na katika miaka hii ya vita, ya kukimbia na kuhama, tumewazika wengi wao mbali na bustani zao. Watoto wao wanaishi mjini, juu ya kipande cha ardhi kisichotosha hata gunia moja la lengalenga, na dawa wanazisikia sokoni kutoka kwa mtu mwenye spika anayeuza chupa moja kwa magonjwa arobaini.

Kwenye meza iliyo mlangoni kuna madaftari 40 na vipandikizi vya mubirizi vilivyofungwa kwa kamba za mgomba. Kila mwanafunzi achukue daftari moja. Ukurasa mmoja ni wa mmea mmoja, na jina la mmea liandikwe mwisho, baada ya kuuliza sehemu ipi, imeandaliwaje, kiasi gani, kwa nani na nani asipewe, siku ngapi, na ni lini aliyekufundisha angeiacha dawa yake na kumpeleka mgonjwa kwa daktari. Mzee asiyejua jibu la swali la mwisho, andikeni hivyo pia. Madaftari yatarudi kwangu baada ya likizo, na tutayasoma pamoja na daktari na mtaalamu wa mimea, tukitenga yanayofaa, yenye hatari na yanayohitaji kupimwa.

Mama aliyeketi mstari wa mbele, mwenye kitenge cha kijani, aliniambia kabla hatujaanza kwamba ana miaka 81, kwamba alipanda bustani yake ya kwanza akiwa msichana, na kwamba hakuna mtu aliyewahi kumwuliza anavyopima dawa zake. Naomba wanafunzi wawili waje wakae naye sasa hivi, kabla hajapanda pikipiki kurudi Bagira.